Mashine ya Marehemu Muhidini

Ashatu alikuwa amechoka ule uchovu usioisha kwa kulala. Alikuwa mpishi katika shule moja ya binafsi, barabara ya Mapinga. Alfajiri yuko njiani. Jioni anarudi Kaole miguu imevimba na nguo zinanuka maharage. Wenzake wakifika nyumbani hukaa wakanyoosha miguu. Yeye akifika ndiyo kwanza anaanza kazi ya pili.

Kazi hiyo ilikuwa kumuuguza mama yake, Bi Mwanamvua. Kwa miaka thelathini na kitu mama huyu alikausha samaki kwa moshi wa makumbi ya nazi. Moshi ule ulisomesha watoto, ukajenga nyumba, ukamaliza na mapafu yake. Sasa kutoka kitandani hadi chooni alisimama mara tatu kutafuta pumzi. Midomo na kucha zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya buluu. Jamani, kumwona mzazi wako anahangaika kutafuta hewa, na hewa imejaa uani, si jambo dogo.

Nafuu ilikuja kwa njia ya msiba. Huko Mlingotini alifariki Mzee Muhidini, mume wa Bi Mina. Bi Mina ni binamu ya Bi Mwanamvua. Arobaini ilipopita, Bi Mina aligawa vitu vya marehemu, kama ilivyo ada. Kanzu zilikwenda kwa wapwa. Baiskeli alipewa mwadhini. Ikabaki mashine ya oksijeni, ile iliyokuwa ikimsaidia mzee kupumua. Bi Mina akaifunga kanga, akaipakia kwenye bajaji, akaileta Kaole.

"Pokea, dada yangu," alimwambia Bi Mwanamvua. "Ni sadaka ya marehemu."

Nani angekataa? Waliichomeka kwenye umeme, ikanguruma. Mpira mwembamba ukawekwa puani. Bi Mwanamvua akavuta hewa, machozi yakamtoka.

Ilipita miezi miwili. Rangi ya buluu iliondoka midomoni, lakini mama hakuchangamka. Kila asubuhi aliamka kichwa kinamgonga. Mchana alisinzia hata chakula kikiwa mdomoni. Ashatu alidhani ni uzee tu. Hata hivyo aliogopa. Alilala mkekani kando ya kitanda cha mama, na kila akishtuka alipeleka mkono puani kwa mama kuona kama bado anapumua. Ndiyo sababu usingizi wake haukuwa usingizi.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, hodi ilibishwa.

"Karibu," Ashatu alijibu bila kuinuka.

Aliingia mwanamume wa makamo, amebeba mkoba wa vifaa. "Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanamvua alijibu kwa sauti ya kusinzia.

"Naitwa Wilbrodi. Ni fundi wa kampuni inayokodisha vifaa vya wagonjwa wa nyumbani." Alitazama mashine pale kando ya kitanda, akahema. "Dada, samahani sana. Nimeifuata hiyo."

"Hiyo tulipewa," Ashatu alisema. "Ni sadaka ya Mzee Muhidini."

"Najua. Nimetoka Mlingotini sasa hivi. Mama wa kule ameniambia ameitoa sadaka, akanielekeza hapa." Wilbrodi alikaa kwenye kigoda. "Mzee hakuinunua, dada. Bima yake ilikuwa inailipia kodi kila mwezi. Mgonjwa akifariki, bima haiendelei kulipa. Mashine inarudi kwetu, aipate mgonjwa mwingine. Hii imechelewa, na kodi ya miezi mitatu tangu msiba sasa anadaiwa yule mjane."

"Bi Mina anajua?"

"Nimemwambia. Amelia."

"Sasa unaichukua leo?"

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Kaka, mimi sina nguvu ya kugombana na wewe," Ashatu alisema. "Ila ukiichukua leo, mama yangu Jumatatu hatutakuwa naye. Nakwambia kama ilivyo."

Wilbrodi alijifuta uso kwa kitambaa. Naye alikuwa barabarani tangu alfajiri, na kazi ya kunyang'anya wagonjwa vitu haina anayeipenda. Aliinama kuiangalia mashine. Ghafla akauliza, "Nani ameweka nne?"

"Nne ipi?"

"Hapa. Kigololi hiki kinaonyesha lita za oksijeni. Kiko kwenye nne."

"Hatujagusa kitu. Tuliikuta hivyo hivyo."

"Nne aliandikiwa Mzee Muhidini na daktari wake. Bibi huyu kaandikiwa ngapi?"

Ashatu alitikisa kichwa. Bibi hakuwa ameandikiwa kitu.

"Asubuhi anaumwa kichwa?" Wilbrodi aliuliza.

"Kila siku."

"Mchana anasinzia sana?"

"Umejuaje?"

"Mimi ni fundi, si daktari. Lakini tumefundishwa kwamba oksijeni ni dawa, na dawa ina kipimo. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi, ukiyapa oksijeni kupita kiasi, hewa chafu inabaki mwilini. Mtu anaanza kwa kichwa na kusinzia, mwisho haamki." Alisimama. "Usiipunguze kwa kubahatisha. Twende hospitali ya mjini sasa hivi. Gari ninalo, na mtungi mdogo ninao. Nitawapigia simu waniambie nimweke ngapi njiani."

Ashatu alimtazama mama yake. Miezi miwili amekuwa akimlinda asikatikiwe na pumzi, kumbe mashine yenyewe ilikuwa inamdhuru. Aliona uchungu, akaona na aibu. Akamfunga mama ushungi, wakatoka.

Njiani Wilbrodi aliuliza, "Bima unayo?"

"Ninayo ya kazini. Mama nimemwandikisha kuwa mtegemezi wangu. Lakini ile si ya vidonge na kulazwa tu?"

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Kitabu chake umekisoma?"

"Kiko chini ya mguu wa kabati," alisema. "Kabati lilikuwa linayumba."

Wilbrodi alicheka, na Ashatu naye akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Basi wacha kabati liyumbe," fundi alisema. "Bima hazifanani. Ipo inayolipia kifaa cha nyumbani, na ipo isiyolipia hata fimbo ya kutembelea. Nyuma ya kadi yako kuna namba ya simu. Piga, uliza kama wanalipia mashine ya oksijeni nyumbani. Wakisema ndiyo, usikate simu. Waulize wanalipa kiasi gani na wewe unabakiwa na ngapi, na kama wananunua au wanakodi. Waulize pia kifaa kichukuliwe kwa nani, maana wana orodha yao. Ukichukua nje ya orodha, shauri yako."

"Nikishachukua ndiyo napeleka risiti?"

"Hapo ndipo wengi wanapoumia. Kibali kwanza, kifaa baadaye. Ukitanguliza kifaa, wanaweza kukataa kabisa."

Hospitalini Bi Mwanamvua alipimwa oksijeni kidoleni, kisha akatolewa damu mkononi. Daktari alisema hewa chafu imejaa mwilini. Akamlaza.

"Mmewahi," alimwambia Ashatu. "Kipimo chake ni lita mbili, si nne. Nitamwandikia."

Ashatu alikaa kwenye benchi la nje, akapiga ile namba. Alisubiri mpaka sikio likawa moto. Dada wa bima alipopokea, Ashatu aliandika majibu nyuma ya kadi ya kliniki. Bima yake inalipia mashine, lakini kwa kukodi tu. Kodi ni laki moja na nusu kwa mwezi. Bima inatoa laki na ishirini, yeye anatoa elfu thelathini. Umeme hawaugusi. Daktari ajaze fomu na kuambatanisha vipimo, na kila baada ya miezi sita mgonjwa apimwe tena.

Elfu thelathini. Pale benchini, kabla ya kupiga, alikuwa ameshaanza kuwaza kuuza kiwanja cha mama, ili anunue mashine ya milioni mbili na nusu.

Fomu ya kwanza ilirudi. Daktari alikuwa amesahau kuandika lita ngapi na saa ngapi kwa siku. Ashatu aliomba ruhusa kazini, akaipeleka tena. Siku ya tano kibali kilitoka, na mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kampuni ya Wilbrodi ilikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo ni yeye aliyeleta mashine nyingine Kaole na kuichukua ile ya marehemu.

Aliiweka kwenye lita mbili, akabandika karatasi, "Usiguse bila daktari." Akamwonyesha Ashatu sponji ya kuchuja vumbi, ioshwe kila wiki. "Na moto usisogee," alisema. "Jiko, sigara, mshumaa, hata udi, vyote vikae mbali. Umeme ukikatika, tumia mtungi huu mdogo, kisha nipigie. Na umeme wenyewe ujipange, kwa mwezi utakula elfu hamsini hivi."

"Na hiyo karatasi nyingine?"

"Inasema mashine ni mali ya kampuni. Soma kwanza, ndiyo utie sahihi."

Ashatu alisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka Wilbrodi akaanza kupiga miayo.

Wiki mbili baadaye Bi Mina alikuja kuwatazama. Deni lake lilikuwa limepungua. Ashatu alikuwa amemwandikia barua ya kuieleza kampuni yaliyotokea, nao wakamsamehe mwezi mmoja. Lakini moyo wa Bi Mina ulikuwa bado mzito.

"Nimetoa sadaka kitu ambacho si chetu," alisema. "Tena kidogo kikuue. Nitamwambia nini marehemu?"

"Mwambie hukujua," Bi Mwanamvua alijibu. Alikuwa ameketi, anamenya ndizi kwa mkono wake. Kichwa hakimuumi tena. "Ile mashine ilikuwa amana, na amana imerudi kwa mwenyewe. Hii nayo ni amana. Nimeshamuusia Ashatu, siku nikiondoka asingoje hata hitima, ampigie fundi. Si ndiyo, Ashatu?"

Ashatu alikuwa mkekani, ameegemea ukuta, sinia la mchele mapajani. Mchele alikuwa hajamaliza kuuchambua. Aliwasikia kwa mbali, akataka kuitika, mdomo ukakataa.

"Huyu kalala," Bi Mina alisema. "Nimwamshe akalale kitandani?"

"Mwache," alisema mama yake. "Mwache alale. Mimi napumua."