Waume wa Bibi na Zimwi Lenye Mafua

Kombo alikuwa na miaka sita. Nyumba yao na nyumba ya Bibi zilipakana, ukuta kwa ukuta.

Kila asubuhi Kombo alipitia uani, akapiga hodi kwa Bibi. Bibi alicheka na kusema, "Karibu, mume wangu."

Ndivyo bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Kombo aliitika, "Naam," kwa sauti nzito, kama mtu mwenye ndevu.

Babu aliwasikia. Alinung'unika kwamba ameibiwa mke, kisha akaendelea kunywa chai.

Kombo alipenda sana kuitwa hivyo. Katika nyumba ile, mtoto wa kuitwa hivyo alikuwa yeye tu.

Siku moja akaja Sefu.

Sefu ni mtoto wa shangazi yake Kombo. Alitoka Lindi na begi dogo jekundu. Mama yake alikuwa na safari, kwa hiyo Sefu angekaa kwa Bibi.

Bibi akafungua mikono. "Karibu, mume wangu," akasema.

Kombo akageuka kumtazama. Labda Bibi alikosea.

Bibi hakukosea. Alisema tena na tena. Mume wangu wa Lindi amekua. Mume wangu ana njaa. Mume wangu na akae hapa, karibu na mimi.

Kifua cha Kombo kikafanya fuku, fuku, fuku.
Na mimi je?

Wiki ile, mwalimu wa chekechea aliwaeleza watoto habari ya Halowini. Katika nchi nyingine, jioni moja ya mwezi wa kumi, watu hupamba milango yao kwa vitu vya kutisha. Watoto hupita nyumba kwa nyumba. Huogopa, hucheka, na hupewa vitu vitamu.

Watoto wa mtaa wakataka kujaribu. Wazazi wakakubali, kwa sharti moja. Hakuna kununua pambo. Kila nyumba itumie vitu ilivyo navyo.

Bibi hakuwahi kusikia habari ya Halowini. Aliuliza kama ni mambo ya mazimwi.

Kombo akasema ndiyo, ni mazimwi na popo. Bibi akasema mazimwi anayajua tangu utotoni. Akaenda kuleta kapu.

Ndani ya kapu mlikuwa na vifuu vya nazi, makumbi, vifuniko vya soda, trei ya mayai na gunia kuukuu la mchele.

Wakakwangua masizi chini ya sufuria, yakawa rangi nyeusi. Bibi akakoroga unga wa muhogo jikoni, ukawa uji mzito wa kugandishia.

Kisha Bibi akaketi kwenye mbuzi, akakuna nazi ya kashata za wageni. Kwaru, kwaru, kwaru.

Sefu akachukua mkasi na trei ya mayai. Kacha, kacha, kacha.

Alikata vikombe vitatu vilivyoshikana. Kile cha katikati kikawa mwili. Vile vya pembeni vikawa mabawa. Akapaka masizi, mara akatokea popo.

Kombo akachukua kifuu. Akabandika vifuniko vya soda ili yawe meno.

Jino la kwanza likaanguka. Ting. Jino la pili likaanguka. Ting.

Zimwi la Kombo likawa kibogoyo.

Bibi akaacha kukuna nazi. Akamwinua popo juu, akamgeuza huku na huku.

"Mume wangu huyu ni fundi," akasema.

Alikuwa anamtazama Sefu.

Kifua cha Kombo kikafanya fuku, fuku, fuku.
Na mimi je?

Kombo akasema popo yule anafanana na panya. Sefu akasema hata kama ni panya, ni panya wa kuruka. Lakini zimwi la Kombo, akasema, litakunywa uji tu, maana halina meno.

Bibi akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani.

Kombo hakucheka.

Sefu akakata popo mwingine. Akakata na mwingine tena. Bibi akasema popo hao watakaa juu ya mlango, pale ambapo kila mtu atawaona. Akaenda chumbani kutafuta uzi.

Sefu naye akaenda kunawa masizi.

Popo watatu wakabaki kwenye mkeka. Karibu yao palikuwa na ndoo ya maji.

Kombo akatazama mlango. Akatazama popo. Akatazama ndoo.

Kifua chake kikafanya fuku, fuku, fuku.
Na mimi je?

Chubwi.

Chubwi.

Chubwi.

Popo wakaelea kidogo. Kisha wakalegea, kama mkate ndani ya chai.

Sefu akarudi. Alitia mkono ndani ya ndoo, akamshika popo mmoja. Bawa likakatika, likabaki limeganda kidoleni.

Sefu akalitazama.

Bibi akaja na uzi wake. Akauliza imekuwaje.

Kombo alitaka kusema ni kuku. Akatazama uani. Kuku wote walikuwa bandani, na banda lilikuwa limefungwa.

"Ni mimi," akasema Kombo. Machozi yakaanza kumtoka. "Mume wako ni mimi, Bibi. Yeye amekuja tu."

Bibi akavuta kigoda, akaketi mbele ya Kombo.

"Kabla hujazaliwa," akauliza, "mume wangu alikuwa nani?"

"Babu."

"Halafu ukazaliwa wewe, nikakuita mume wangu. Je, Babu alihama?"

Kombo akatazama barazani. Babu alikuwa pale pale, na kikombe chake.

"Hakuhama."

"Alikosa chai?"

"Hakukosa."

Babu akasema kutoka barazani kwamba siku ile alinuna mpaka jioni, na hiyo chai haikuwa na sukari. Bibi akamwambia asiwadanganye watoto, sukari ilikuwemo.

Kisha akamfuta Kombo machozi kwa pindo la kanga.

"Wewe ulimkuta Babu, naye akasogea," akasema. "Sasa na wewe sogea kidogo."

Kombo akafikiri. Akasogea kwenye mkeka. Palikuwa na nafasi.

Sefu hakuja kukaa. Alikuwa bado amesimama, na bawa kwenye kidole.

Kombo akamwomba msamaha. Sefu akasema sawa, lakini popo hawatarudi. Jioni watoto watakuja, na mlango wa Bibi utakuwa mtupu.

Ni kweli. Mlango ulikuwa mtupu kabisa. Na trei nyingine ya mayai haikuwepo.

Kombo akatia mikono yake miwili ndani ya ndoo. Akawatoa wale popo waliolowa. Akawakamua. Chwaa.

Wakawa donge laini, jeusi, kama ugali ulioungua.

Akachanganya donge na ule uji wa muhogo. Akalipaka kwenye kifuu chake. Akangoja.

Halikuanguka.

Akabonyeza kifuniko cha soda ndani ya donge. Jino likashika. Akabonyeza kingine. Nacho kikashika.

Sefu akasogea, hatua moja.

Kombo akafinyanga pua. Ilikuwa pua ndefu, imepinda kama ndizi.

Sefu akasogea tena. Akasema zimwi hili halina masikio, sasa litawasikiaje watoto wakija?

Kombo akagawa donge. Nusu akampa Sefu.

Sefu akafinyanga sikio moja dogo. Akafinyanga jingine kubwa, kwa sababu donge lilibaki. Akasema na lile bawa la kidoleni liwe ulimi.

Makumbi yakawa nywele. Gunia likawa kanzu. Kombo alishika, Sefu akafunga. Sefu alishika, Kombo akafunga.

Bibi hakusema huyu ni fundi, wala yule ni fundi. Aliwapa tu uzi, akashika ngazi wasianguke.

Jua likazama. Zimwi likaning'inia juu ya mlango. Lakini lilikuwa bado halijakauka.

Maji yakatoka kwenye pua yake. Ndo. Ndo. Ndo.

Watoto wa mtaa wakaja kundi zima. Wa mbele wakasimama ghafla. Wa nyuma wakawagonga.

Binti mdogo kuliko wote akajificha nyuma ya dada yake. Kisha akachungulia. Akauliza kwa nini zimwi linatoka kamasi.

Sefu akasema lina mafua.

Kombo akasema ndiyo maana limenuna.

Ndo. Ndo. Ndo.

Watoto wakakimbia wakipiga mayowe mpaka mwisho wa uchochoro. Kisha wakarudi, wakaomba kuogopa tena. Bibi akawapa kashata, nao wakala huku macho yao yako juu, kwenye ile pua.

Mwishoni akaja Babu, anatoka msikitini. Aliondoka kabla zimwi halijaundwa, kwa hiyo hakuwa ameliona. Alipokanyaga kizingiti, tone kubwa likamwangukia kwenye kofia.

Ndo.

Babu akainua kichwa. Zimwi likamtazama, na sikio lake dogo na sikio lake kubwa. Babu akaruka nyuma, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Nani ameleta kitu hiki nyumbani kwangu?" akauliza.

"Ni sisi," wakajibu Kombo na Sefu, kwa pamoja.

Usiku ule Mama alimruhusu Kombo alale kwa Bibi. Kitanda kilikuwa kimoja, na chandarua kimoja.

Sefu alilala upande wa ukutani. Miguu yake ilikosa nafasi, kwa hiyo Kombo akasogea. Kisha akasogea tena kidogo.

Bibi akachomekea chandarua, kona hii na kona ile. Akazima taa.

"Lala salama, mume wangu," akasema.

"Naam," akaitika Kombo, kwa sauti nzito.

"Naam," akaitika Sefu, kwa sauti nzito zaidi.

Na kutoka chumba cha pili ikaja sauti nzito kuliko zote.

"Naam," akaitika Babu.