Kioo cha Mkunga Biasha

Kila asubuhi Mwamvita aliamshwa na mchi. Mama yake alitwanga uani, naye Mwamvita alilala akisikiliza, ndani ya chumba chenye kidirisha kisichozidi upana wa kiganja. Mlio ukibadilika kuwa laini, alijua mahindi yamekuwa unga na kumekucha. Huo ulikuwa mwezi wake wa sita ndani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza darasa la nne kule Kisarawe, na sasa ni mwali. Mwali wa kijiji cha Msimbu siku hizo hakutoka nje wala hakupaza sauti. Hakuonwa na mtu ila mama yake, bibi yake, na somo yake, Zena, mwanamke mpole aliyekuwa akimfundisha adabu za utu uzima.

Kutwa nzima alisuka ukili wa mikeka. Masikio ndiyo yaliyokuwa macho yake. Alimjua kila mtu kwa nyayo: huyu anaburuta kandambili za ngozi, yule anakanyaga kama ana deni na ardhi. Nyayo alizozipenda kuliko zote zilikuwa za Bibi Biasha, nyepesi, zenye haraka, kwa sababu bibi alikuwa mkunga, na mkunga hana siku ya kwenda polepole.

"Kitendawili, mke mwenzangu!" bibi alimtania asubuhi moja nyuma ya pazia.

"Tega, bibi."

"Nina watoto hawahesabiki, wote nimewapokea kwa mikono yangu, na hakuna niliyemzaa hata mmoja."

Mwamvita alifikiri. Mara akawaza mchanga, mara akawaza njia panda. "Sina jibu. Chagua mji."

"Haya, nipe Kurui."

"Chukua Kurui yote, na mihogo yake."

"Nimeichukua! Na jibu ni mimi mwenyewe, mjinga we! Tena huko Kurui ndiko niendako sasa hivi. Mtu kashikwa na uchungu." Nyayo zikaondoka mbio.

Siku hiyohiyo wanawake wa kijiji walikusanyika ukumbini, maksudi bibi akiwa hayupo. Walitaka kumpa zawadi. Karibu kila mtoto wa Msimbu alipita mikononi mwake, naye hakudai zaidi ya kuku na asante. Mwaka huo korosho zilikuwa nzuri, wakachanga. Lakini wanunue nini? Hapo Mboni, jirani mwenye sauti ya kufukuzia nyani, alitoa gazeti ambalo mjomba wake alilifungia samaki kutoka Dar es Salaam.

"Mjomba kanisomea kichwa cha habari," alisema. "Kinasema, 'Vitu kumi vya kumzawadia mama wa nyumba, kuanzia kilicho bora.' Sasa tubabaike nini, na wasomi wameshatufikiria? Mpeni mwali atusomee."

Hakuna mwingine pale aliyejua kusoma. Zena alilipitisha gazeti chini ya pazia, akakaa mlangoni. Ilikuwa hivi: Mwamvita asome kwa sauti ya chini, kama ipasavyo mwali, na Zena ayarudie maneno kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Mwamvita alilisogeza gazeti kwenye kidirisha. Namba moja iliandikwa wazi: *Taa ya chemli, yenye kioo cha kuzuia upepo na mpini wa kubebea. Haimwagi mafuta ovyo.* Namba mbili, sufuria ya kuchemshia maji ya kunywa. Tatu, stovu. Nne, pasi ya mkaa. Macho yakateremka, yakapita chupa ya chai, cherehani, mkasi na chandarua, yakasimama kwenye namba tisa. *Kioo kirefu cha kujitazama.*

Miezi sita hakuuona uso wake. Zena alikuwa akimsugua liwa, mama akimwambia amependeza, na yeye hakujua amependezaje. Kioo kikinunuliwa kwa ajili ya bibi, kingewekwa wapi kama si chumba hiki? Ni neno moja tu lipande juu, jingine lishuke.

"Namba moja," alinong'ona, "kioo kirefu cha kujitazama."

"Namba moja, kioo kirefu cha kujitazama!" alirudia Zena.

"Kioo?" aliuliza Swaumu, ambaye mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana vizuri. "Mkunga na kioo wapi na wapi? Mimi nilidhani taa."

"Hata mimi nilidhani taa," alisema mwingine.

Mwamvita aliona mambo yanamponyoka, akaongeza ya kwake. "Gazeti linasema, mama akijiona msafi, na nyumba yake huwa safi." Zena akalipaza na hilo, kwa sauti yake ya mtu asiyewahi kusema uongo.

"Basi yamekwisha," alisema Mboni. "Wewe Swaumu unabishana na maandishi? Umesoma wapi?"

Waliposomewa namba tatu, walicheka. "Stovu! Moto bila kuni! Mume wangu akiuona atasema nimeleta jini," alisema Mboni. Taa ilisomwa ya tisa, na hakuna aliyeisikiliza.

Wiki hiyo Shomari, mume wa mmoja wao, alikipakia kioo kwenye baiskeli kutoka Kisarawe, kimefungwa kwa gunia. Bibi Biasha alishangaa, akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, mnataka nione nilivyozeeka?" Lakini aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kisha akasema, "Kakiwekeni kwa mwali. Ndiye mwenye sura ya kutazamwa."

Siku tatu Mwamvita hakusuka ukili wa maana. Alijitazama mbele, akajitazama ubavuni. Hata Zena alikuja kufunga kilemba chake pale.

Miezi michache ikapita, mvua zikaanza. Mchana mmoja wa mvua kubwa mke wa Shomari alishikwa na uchungu, na bibi akaenda na koroboi lake la bati, utambi wazi, moshi mweusi. Mwamvita alisikia nyayo zake zikikimbia matopeni. Jioni alisikia nyayo nyingi zinarudi, nzito, na sauti ya Mboni ikiwa mbele.

"Polepole! Mshikeni huku! Jamani, mkono wote!"

Mwamvita alisimama nyuma ya pazia, ukili umemwanguka. Hakuruhusiwa kutoka wala kuuliza. Alisikia tu vipande vya maneno: mvua, mlango umefungwa, chumba giza kama shimo. Msichana aliyeshika koroboi alijikwaa, mafuta yakamwagika juu ya mkono wa kulia wa bibi, na moto ukayafuata.

"Hakumwachia mtoto," Mboni alikuwa akilia. "Mkono unaungua na yeye anasema, 'Leteni kwanza nguo ya mtoto.' Mtoto mzima, wa kiume. Lakini mkono wa bibi! Mkono ule!"

"Tungemnunulia taa," ilisema sauti ya Swaumu, taratibu.

"Gazeti liliiweka taa ya tisa," alijibu Zena.

Mwamvita alikaa chini. Mbele yake kilisimama kioo, na ndani yake msichana aliyefunika mdomo kwa mikono miwili. Alikigeuza kielekee ukutani. Usiku ule alimsikia bibi akiugulia maumivu upande wa pili wa kiambaza, na hakuwa na la kumfanyia. Asubuhi mchi ulitwanga kama kawaida, lakini hakuna aliyetega kitendawili.

Siku ya nne Swaumu alikuja, akasimama uani. "Bibi, tumbo limeshuka. Nadhani siku zangu zimefika."

"Nitakuja, mwanangu," alisema bibi kwa sauti iliyokauka. "Mkono mmoja upo. Na koroboi ninalo."

Mwamvita aligonga ubao wa kitanda mara tatu. Ndivyo mwali alivyomwita somo yake.

"Somo," Mwamvita alisema mara Zena alipoingia, "lile gazeti, namba moja haikuwa kioo. Ilikuwa taa ya chemli. Kioo kilikuwa cha tisa. Na yale ya usafi hayakuandikwa popote."

Zena hakumpiga, na Mwamvita aliona heri angempiga.

"Yale maneno niliyasema mimi," alisema. "Kwa mdomo wangu, mbele ya wanawake wa kijiji kizima. Umenisemesha uongo, na mimi sikujua." Akatoka.

Mwamvita alisikia minong'ono nje asiielewe. Kisha bibi akaingia, mkono umeviringishwa kitambaa, akajishusha juu ya mkeka.

"Ulikitamani sana?"

"Sana, bibi."

"Ungeniambia ningekutafutia hata kipande." Akavuta pumzi. "Mimi nimeshakusamehe. Lakini wanawake wale walichanga kwa jasho lao, na Zena umemfanya mwongo. Hilo siwezi kulifuta mimi. Utalifuta wewe."

Jioni ukumbi ulijaa tena. Mwamvita alilitoa gazeti chini ya mkeka, akalisoma upya, safari hii kama lilivyoandikwa, na Zena akarudia. Kisha Mwamvita akanong'ona, "Mimi Mwamvita niliwadanganya. Somo yangu hakujua." Zena aliyapaza na hayo.

"Loo!" alisema Mboni. "Macho yamekwenda shule, ulimi umebaki nyumbani!" Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Swaumu ndiye aliyeuliza lile swali. "Na leo je? Tutajuaje kama leo anasoma kweli?"

Nyuma ya pazia Mwamvita alitaka kuapa, lakini kiapo nacho kingekuwa maneno ya mdomo uleule.

Kesho yake Shomari alikirudisha kioo Kisarawe. Mwenye duka alikataa katakata. Bahati nzuri, Kibwana, kinyozi wa sokoni, alikuwa na chemli nzuri na hana kioo cha wateja. Wakabadilishana, naye akaongeza chupa ya mafuta ya taa. Swaumu alijifungua siku ya pili yake, chini ya mwanga mweupe usiotikisika. Bibi alikaa pembeni akielekeza, na Zena akawa mkono wake wa kulia. Mtoto alikuwa wa kike.

Lakini mkono wa bibi ulikuwa umeanza kutunga usaha. Walimpeleka kwa tabibu wa Kisarawe, naye akampa dawa na karatasi ya maelekezo. Zena aliishika ile karatasi mlangoni, akasita. Swaumu alikuwapo, mtoto kifuani. Mboni alikuwapo.

"Mpeni," alisema bibi.

Mwamvita alisoma taratibu, neno kwa neno. "Osha mkono kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka dawa asubuhi na jioni. Usipake samli wala majivu. Baada ya siku saba..." Wino ulikuwa umeenea. Aliisogeza karatasi kwenye mwanga, akaikodolea macho. Angeweza kukisia, na hakuna ambaye angejua.

"Neno hili silioni vizuri," alisema. "Sijui linasemaje. Aulizwe tabibu."

Zena alirudia, na alipomaliza Swaumu alishusha pumzi. "Shomari apande baiskeli," alisema. "Akaulize."

Vidole viwili vya bibi havikunyooka tena maisha yake yote. Siku ile alivitazama, kisha akasema kwa sauti ya kuwafikia wote:

"Mwamvita, mimi sijui herufi hata moja. Ukisema asubuhi na jioni, nitapaka asubuhi na jioni. Ukisema majivu, nitapaka majivu. Anayekusikiliza ukisoma amekupa mwili wake uushike. Kwa hiyo kilicho cha tisa kiache cha tisa, hata ukikitamani namna gani. Na usichokijua sema hukijui, kama ulivyosema sasa. Hapo tu ndipo elimu yako inapotufaa sisi tusio nayo."

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Mstari unaofuata unasemaje?"