Betri Mbili za Bi Barafu

Pikapu kuukuu ilizimika katikati ya lango la soko, watu wakikanyagana, na fundi umeme wa magari alikuwa anapita zake na mkate kwapani. Alisikia kwanza honi na matusi, kisha akamwona mwenye gari: gauni la njano, viatu mkononi, anawajibu madereva wote peke yake na hashindwi.

"Friji yako ya aiskrimu ndiyo inamaliza betri," fundi alimwambia baada ya kuchungulia nyuma. "Huwezi kuizima?"

"Nikiizima, wateja wangu wanywe uji?"

Fundi akacheka mpaka mkate ukamdondoka. Akakimbia kuleta gari lake, akaunga waya, pikapu ikanguruma. Tangu hapo simu yake haikutulia. Bi Barafu, ndivyo wauzaji walivyomwita, alipiga kutoka kila pembe ya mji.

"Fundi wangu, limelala tena."

"Usiliamshe, kipenzi. Nakuja."

"Kipenzi cha nani? Hebu fanya haraka!"

Betri ikiwa inapata nguvu, walikula aiskrimu kwa kijiko kimoja. Shangazi yake Bi Barafu, aliyekaa kiti cha mbele kulinda heshima ya ukoo, alijifanya amelala huku jicho moja liko kazini.

Sasa, mapenzi yana wazimu wake. Mwingine angepeleka maua. Fundi alisema moyoni: huyu nampenda, haifai ahangaike barabarani. Akamfungia betri ya pili nyuma ya kiti, ya friji peke yake. Akapitisha waya mnene, akaweka fyuzi huku na huku, na swichi inayojitenga yenyewe: injini ikiwaka betri zote mbili zinachajiwa, ikizimwa friji inakula ya kwake tu. Kazi safi, wallahi!

Simu ikanyamaza. Mwanzoni fundi alijisifu. Juma lilipokatika akaona amejipalia makaa. Ampigie aseme nini, betri hazijambo? "Kumbe alinitaka kwa ajili ya waya tu," aliwaza.

Mchana mmoja pikapu ikaja ikasimama mlangoni mwa karakana, ikaziba njia yote.

"Limezimika?" fundi aliuliza, na Mungu amsamehe, aliomba iwe ndiyo.

"Nimelizima mwenyewe. Ning'olee hii betri yako ya pili."

"Ina kasoro gani?"

"Haina! Ulichoka kuitwa, si ungesema? Umenifungia betri ya pili ili nisikupigie tena, ukadhani mimi mjinga?"

"Mimi? Nimeifunga kwa sababu nakupenda!"

"Mwanamume gani anasema nakupenda kwa fyuzi?"

"Mimi hapa. Maneno yalinishinda."

Kioo cha mbele kikateremka. "Nyinyi!" shangazi alifoka. "Mgongo umenipinda kwa kusikiliza habari za betri. Kijana, muulize kabla sijamuuliza mimi!"

Fundi alifuta grisi kwenye ovaroli.

"Utakubali nikuoe?"

"Nitakubali. Lakini nitakupigia hata nikiwa sina shida yoyote, na utakuja."

"Nitakuja mbio."

"Hongereni!" alipaza sauti mteja ambaye gari lake lilizibiwa ndani ya karakana. "Sasa ondoeni hiyo pikapu!"

Ikabidi asubiri, maana Bi Barafu alikuwa haoni njia kwa machozi.