Kiti cha Dirishani

Haya yalimpata Ketaki, jirani yangu, na anayetaka kubisha akapande treni amuulize mwenyewe. Kwenye behewa la wanawake, treni za Mumbai, hakuna anayekuonea huruma. Ukitaka kiti, unamuuliza aliyekaa atashuka wapi. Akiinuka, ni chako. Jioni ile Ketaki alisimama akikanyagwa vidole, akamgeukia mwanamke wa dirishani.

“Dada, unashuka wapi?”

“Handakini.”

Treni haisimami handakini. Behewa zima likageuka kumtazama Ketaki.

“Sote tumesimama na hatumuulizi,” mama mmoja akamfokea. “Wewe hukujiuliza kwa nini? Haya, kiti chako hicho.”

Wakaingia handakini na taa zikazimika. Katikati ya kelele za vyuma, Ketaki akasikia kandambili zikielekea mlangoni, polepole, kana kwamba njiani hapakuwa na mtu. Taa ziliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Wale wanawake wakamsukuma Ketaki, akakaa.

Kituo kilichofuata akapanda msichana mgeni.

“Dada, unashuka wapi?”

Ketaki alitaka kusema Kalyan, kwao. Mdomo wake ukasema, “Handakini.”

“Sawa,” msichana akasema. “Basi hicho changu.”