Cherehani ya Mama

Begi lilikuwa limeshavuka kizingiti, na msichana alikuwa nyuma yake. Alikuwa anahamia kwa mama mdogo. Mwanzo alikwenda huko kulala siku moja moja. Safari hii ilikuwa ya kuhama kabisa, na shule angebadilisha.

"Msafiri," kaka yake alimwita kutoka barazani. Kaka huyo walimwita Redio, maana hakuwa na swichi ya kuzimia. "Ukianza kuogopa na sufuria za huko, utahamia wapi?"

Msichana alizidi kulivuta begi. Tangu sindano ya cherehani imtoboe kidole, akisikia tu mlio wa mashine hiyo, moyo ulimwenda mbio na viganja vikaloa jasho. Kidole kilipona zamani. Baba alisema anadeka. Mama alikuwa fundi wa kushona, na mashine isipolia hawali. Kwa hiyo kila mara binti yake alipotetemeka, mama alimfungia begi na kumpeleka kwa mdogo wake.

Mama mdogo alikuwa karani wa zahanati. Siku hiyo, kabla ya kwenda kwake, aliwapitisha msichana na mama yake kwa mshauri wa saikolojia wa hapo zahanati, mzee aliyependa kuuliza kuliko kusema.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ukishaondoka nyumbani, hofu inakuwaje?"

"Inaisha."

"Na ukirudi?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Inakuwa kubwa kuliko mwanzo."

Mshauri alimgeukia mama. "Hadeki huyu. Ila akili hujifunza, dada. Kila akikimbia anapata nafuu, basi akili inaona kukimbia ndiyo dawa. Mrudishe nyumbani, tuifundishe upya, kidogo kidogo."

Begi likarudi nao. Kwanza msichana alikaa chumbani na cherehani iliyofunikwa kitambaa, akivuta pumzi taratibu mpaka moyo utulie. Alipozoea, alizungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikiwa imetolewa. Kisha mama akaanza kushona naye akiwa karibu. Mlio ulipoanza, msichana alichomoka mpaka barabarani.

Mama alilishika begi. Akaliachia.

"Niko hapa," alimwambia kutoka mlangoni. "Nitashona polepole. Rudi ukiwa tayari."

Alirudi, machozi yakimtoka, akakaa. Mama alishona mpaka mikono ya mtoto ikaacha kutetemeka.

Siku alipokanyaga mashine mwenyewe, alishona kaptura ya Redio, mshono ukaenda kombo.

"Nikivaa hii nitatembea upande kama kaa," Redio alisema.

"Tembea hivyo hivyo," mama alimjibu, kisha akamgeukia binti yake. "Nilidhani kukupenda ni kukuondolea kila kinachokutisha. Kumbe ni kukaa nawe mpaka kiishiwe nguvu. Ukiogopa, sema, usione haya; halafu usikimbie, tutakaa pamoja."

Msichana hakuhama wala hakubadilisha shule. Baba aliacha kusema anadeka. Mshauri alihamishiwa zahanati nyingine, na mama mdogo bado ni karani. Redio aliivaa kaptura mpaka ikachakaa. Ndani ya begi sasa mama huweka vipande vya vitambaa.