Namba Chini ya Unga Mweupe

"Mimina tu, mume wangu. Usimsikilize huyo."

"Mimina, halafu mje mnililie mimi."

Dereva alisimama katikati, kopo la magadi ya kutengenezea sabuni mkononi. Upande mmoja alikuwa mkewe, Mama Sabuni, anayetengeneza sabuni za kufulia uani. Upande wa pili wa uzio alikuwa jirani yao, Mama Masufuria. Yeye huyeyusha vyuma chakavu vya alumini na kutengeneza sufuria. Wanawake hawa walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka jana. Mtaa mzima ulijua, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshafika kusikiliza.

Boneti ya gari ilikuwa wazi. Dereva alilinunua juzi, baada ya gari kulala miaka mitatu kwenye banda lenye unyevu. Injini yake ya alumini ilikuwa imeota unga mweupe, mgumu kama chokaa. Chini ya unga huo kulikuwa na namba ya injini. Asubuhi ile mkaguzi wa magari alikuwa ameinama, akatazama, akanyanyuka. "Sioni namba. Rudi kesho inasomeka, la sivyo siandiki gari kwa jina lako."

"Unga huu ni nini hasa?" Dereva aliuliza.

"Ni kutu ya alumini," alisema Mama Masufuria. "Chuma kikishika kutu huwa chekundu. Alumini huwa nyeupe."

"Basi magadi yangu makali yataila hiyo kutu," alisema Mama Sabuni. "Yanakula mafuta, yatashindwa na unga?"

"Yataila kutu, yataila na injini. Namba ikifutika, gari lako halina baba wala mama. Watasema la wizi."

Watu waliguna. Dereva akaweka kopo chini taratibu.

"Anajifanya anajua," Mama Sabuni alisema.

"Nikuulize, jirani. Sabuni yako unaichanganyia wapi?"

"Kwenye ndoo ya plastiki."

"Kwa nini si kwenye sufuria?"

Mama Masufuria alivaa glavu, akavuka uzio na kipande cha mfuniko wa zamani wa alumini, akaomba tone la magadi kutoka kwenye kopo. Aliwaambia watu wasogee nyuma wasivute ule mvuke. Tone lilipogusa alumini, lilianza kutoa povu na kuchemka bila moto. Alipopangusa, pale mahali palikuwa peusi, pamechimbika.

"Ile sufuria uliyonirudishia mbele za watu," alisema polepole, "ukasema nimekuuzia mbovu, imetoboka kwa wiki moja. Ulipika nini humo?"

Mama Sabuni aliangalia chini. "Sabuni."

Hakuna aliyecheka, ingawa wengi walitaka.

"Haya, shemeji," Mama Masufuria alimwambia Dereva, "injini imepoa? Usisafishe injini ya moto. Fungua betri kwanza, waya wa hasi ndio uanze. Halafu funika nyaya na mdomo unaoingiza hewa kwa mifuko ya plastiki. Maji yasiingie huko."

Dereva alifanya hivyo. Alichukua brashi ya waya.

"Rudisha. Waya wa chuma utakwangua namba, na utaacha vumbi la chuma linaloleta kutu nyingine. Nipe mswaki wa zamani."

Kwanza Mama Masufuria aliondoa grisi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akapangusa. Kisha alichanganya siki na maji, nusu kwa nusu. Alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya ule unga.

"Tungoje dakika tano. Kisikauke."

Alikitoa, akasugua kwa mswaki, vidole vikienda kidogo kidogo kama mtu anayepembua mchele. Akapangusa kwa maji safi. Unga ulipungua kidogo tu.

"Haitoki," alisema Dereva.

"Una haraka ya nini? Miaka mitatu imeota, wewe unataka dakika tano."

Alirudia. Mara ya tatu, Mama Sabuni mwenyewe alishika tochi. Mara ya nne, alikuwa wa kwanza kuona.

"Saba," alisema. "Mume wangu, pale pana saba."

Kisha nne. Kisha mbili. Watu walisoma pamoja mpaka mwisho, kama darasa. Mimi, niliyesimama kati ya watu wale, nimeona mafundi wengi wenye maneno. Wenye mikono kama ile ni wachache.

Mama Masufuria aliosha siki yote kwa kitambaa chenye maji, akakausha vizuri, akapaka mafuta mepesi kidogo sana. "Haya yatazuia unyevu. Na gari likae pakavu."

Kesho yake mkaguzi aliinama, akasoma, akaandika. Dereva alirudi na karatasi yenye jina lake.

Mama Masufuria alikuwa uani kwake, mikono imejaa masizi, aliposikia hodi. Ni Mama Sabuni, amekuja mwenyewe, hakutuma mtu.

"Nilikusema vibaya mtaa mzima," alisema. "Sasa nitazunguka nyumba kwa nyumba kurekebisha niliyosema. Ila kwanza chakula kiko mezani."

"Nina masizi, jirani."

"Na mimi nina sabuni. Njoo unawe, uingie tule."