Mngurumo wa Kwanza

Mikono miwili ilidaka kabureta moja kwenye meza ya vipuri vilivyotumika, katikati ya soko lenye kelele za nyundo na redio.

"Dada, hii si ya cherehani," alisema mwanamume, akiitazama futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa mshonaji.

"Na si ya kuchezea, kaka. Achia."

Akaachia, akicheka. Shati lake la bluu lilikuwa limepauka lakini limepigwa pasi, kucha zake nyeusi kwa grisi. Watu walimwita Plagi. Mshonaji hakuwa msemaji, ila siku hiyo alijikuta anaeleza yote: pikipiki ya marehemu baba yake imelala uani miaka tisa, kaka zake wanataka iende kwenye chuma chakavu, naye ameapa kuiamsha kwa mikono yake.

Plagi akamwingiza kwenye kundi la simu la wapenda pikipiki za zamani. Bingwa wao alikuwa mkunga mstaafu, mama aliyepima injini kwa sikio.

"Mwanangu, sogeza simu kwenye ekzosi. Haya, piga kiki... Inakohoa halafu kimya? Petroli inafika. Cheche ndiyo inapotea njiani. Itafute."

Baadaye Plagi alipiga simu. "Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi."

"Nije nikusaidie?"

"Njoo unishikie kopo la skrubu. Spana ni yangu."

Alishika kopo wiki sita, na mapenzi yakakolea hapohapo uani.

Jumamosi moja mshonaji alirudi kutoka kazini, akasikia mngurumo tangu njiani. Plagi alikuwa juu ya pikipiki, jasho na tabasamu. Kaka za mshonaji walikuwa wanampigia makofi.

"Nimebadilisha kondensa ya cheche, mpenzi! Nilitaka ufurahi!"

Mshonaji akaizima. "Makofi hayo wamekupigia wewe. Mimi ningepigiwa lini?"

Hakupokea simu zake siku kumi na moja. Na pikipiki? Kaka mkubwa alijaribu kuiwasha kesho yake, ikakohoa kama zamani.

Mkunga ndiye aliyepiga. "Mwenzio amekiri kosa mbele ya kundi zima. Nimemwambia, miaka thelathini nimepokea watoto, sijawahi kumsukumia mama. Wewe sasa, rudi kazini."

Akarudi. Aliondoa tangi, akafuata waya mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, kama anavyofuata mshono. Chini ya tangi kidole kikakwama: ganda la waya lilikuwa limesuguliwa, shaba inagusa chuma kila injini inapotikisika. Kila fundi aliyewahi kuigusa pikipiki hiyo alikuwa amelipita. Akaufunga kwa utepe, kisha akaushonea ala ya ngozi, mishono midogo iliyobanana.

Kiki ya tatu ikaitikia. Mkunga alisikiliza kwenye simu dakika kumi nzima.

"Hii imezaliwa," akasema. Kaka mkubwa akaja kuushika ule mshono, akatikisa kichwa. "Baba angekutembeza nayo mtaa mzima."

Plagi alikuwa amesimama getini, haingii.

"Nilikunyang'anya kilicho chako," alisema. "Na ule waya niliupita mara mbili, sikuuona. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Panda nyuma."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwenu," alisema mshonaji, akivuta mafuta. "Mama yako amjue aliyekuja kukuposa."